Madeni ya Ulaya na sisi wa mwisho wa reli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mmoja aliyeandika hivi karibuni kwamba habari za madeni ya Ulaya hazituhusu Watanzania, na kwamba kama zinatuhusu kidogo, basi ni kwa kutufurahisha tu, kwa kuwa waliotufundisha kubana matumizi sasa wanabanwa wao. Nilicheka niliposoma, sikatai. Mimi ni mwalimu mstaafu niliyefundisha historia na uwekaji hesabu kwa miaka mingi, na sasa ninatunza vitabu vya chama kidogo cha akiba na mikopo hapa Ujiji, kwa hiyo kisa cha mdai kugeuka mdaiwa kinanigusa pande zote mbili. Lakini kicheko hakikudumu. Hapa Kigoma deni la Ulaya si habari ya kurasa za kimataifa peke yake; historia yake imefungamana na meli tunayoijua wote, MV Liemba, na siku hizi linaonekana kwenye mizani ya unga katika kambi za wakimbizi.

Kwanza niliweke sawa jambo lenyewe, maana msomaji mwenzangu ameandika kana kwamba Wagiriki walikopa, wakala, wakakataa kulipa, basi. Mwezi Oktoba 2009 serikali mpya ya George Papandreou ilipofungua vitabu iliwatangazia wenzake wa Ulaya kwamba nakisi ya bajeti ya mwaka ule, yaani matumizi yaliyozidi mapato, ilikuwa kubwa mno kuliko ile iliyotajwa na serikali iliyotangulia. Na hesabu za mwisho zilipokamilika, nakisi hiyo ilivuka asilimia 15 ya pato la taifa, wakati Mkataba wa Maastricht wa mwaka 1992 uliweka ukomo wa asilimia 3. Kwa lugha ya darasani kwangu, vitabu vilikuwa vimepikwa, na katika hilo watawala wa Ugiriki hawana utetezi. Hata hivyo mkopo una vitabu viwili, cha aliyekopa na cha aliyekopesha, na hicho cha pili watu hawakifungui mara nyingi.

Tangu Ugiriki ilipoingia katika sarafu ya euro mwaka 2001, benki za Ujerumani, Ufaransa na kwingineko ziliikopesha kwa riba iliyokaribiana sana na ile ya kuikopesha Ujerumani yenyewe. Mtu anayejua vikoba atalielewa jambo hili haraka pengine kuliko mchumi. Chukua kikoba chenye sanduku moja, ambacho kila mwanachama ameruhusiwa kukopa nje kwa jina lake, na katiba yake imeandika waziwazi kwamba hakuna atakayelipa deni la mwenzake. Mkopeshaji wa nje anapita, analiona lile sanduku, anamwona na mwanachama tajiri mwenye viwanda amekaa mstari wa mbele, naye anasema moyoni kwamba siku ya siku huyu hatakubali kikoba chake kivunjike. Ndivyo ilivyokuwa. Mkataba wa Umoja wa Ulaya ulikataza nchi kubebeshwa deni la nchi nyingine. Wakopeshaji waliusoma, wala hawakuuamini, na hawakukosea sana.

Mwezi Mei 2010 Ugiriki ilipewa mkopo wa uokozi wa euro bilioni 110, na kati ya hizo bilioni 30 zilitoka Shirika la Fedha la Kimataifa, kiasi kilichozidi mara 32 mgao wa uanachama wa Ugiriki katika shirika hilo. Ili kutoa fedha nyingi hivyo kwa nchi ambayo uwezo wake wa kulipa ulikuwa na mashaka, shirika lililazimika kujitengenezea mlango katika kanuni zake lenyewe, kwa hoja kwamba Ugiriki ikianguka itaangusha na wengine. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilipita Athens bila kukaa: iliingia serikalini na kutoka kwenda kuwalipa wenye hatifungani (hati ambazo serikali huuza ili kukopa) zilizoiva, wengi wao zikiwa benki za Ulaya Magharibi. Mwezi Novemba mwaka uleule Ireland ikafuata kwa mpango wa bilioni 85, na mwaka 2011 Ureno kwa bilioni 78. Ireland naitaja makusudi, kwa sababu kabla ya msukosuko deni la serikali yake lilikuwa takriban robo tu ya pato la taifa, na kilichoiangusha ni benki binafsi zilizokopesha ovyo katika majumba, ambazo serikali ilizidhamini mwezi Septemba 2008. Wale wanaosema kuwa hii ni hadithi ya watu wavivu wa kusini waieleze na Ireland.

Sasa tazama hesabu. Mwaka 2009 deni la Ugiriki lilikuwa takriban asilimia 127 ya pato la taifa. Wakakata pensheni, wakakata mishahara ya watumishi, mwaka 2012 wakakata kima cha chini cha mshahara kwa asilimia 22, na mwaka huohuo wakopeshaji binafsi wakakubali kupoteza zaidi ya nusu ya thamani iliyoandikwa kwenye hatifungani zao. Baada ya yote hayo, mwaka 2014 deni lilikuwa karibu asilimia 180. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu angeona kosa liko wapi: walikuwa wanaitazama namba ya juu ya sehemu, yaani deni, wakaisahau namba ya chini, yaani pato. Uchumi ulisinyaa kwa karibu robo, na mwaka 2013 zaidi ya watu 27 katika kila 100 wa nguvu kazi hawakuwa na ajira. Ukimkata mdaiwa mikono hawezi kulima, na asipolima hatalipa. Mwaka 2013 Shirika la Fedha lenyewe lilitoa tathmini iliyokiri kwamba lilidharau ukubwa wa madhara ya kubana matumizi kwa kasi ile.

Kwetu sisi wa umri wangu hapakuwa na jipya hapo. Mwanzoni mwa mwaka 1980 Mwalimu Nyerere aliwauliza mabalozi waliokusanyika Dar es Salaam ni tangu lini Shirika la Fedha la Kimataifa limekuwa Wizara ya Fedha ya dunia nzima, na miaka sita baadaye, akiwa ameng'atuka, nchi ilitia saini masharti yaleyale. Shilingi ikashushwa, ruzuku zikaondolewa, na baadaye wazazi wakaanza kuchangia gharama za shule na hospitali. Nakumbuka muhula ambao tulikuwa tunagawana chaki kwa kuivunja vipande. Ugiriki ilipoingia mkenge uleule mwaka 2010, niliona ajabu moja tu, kwamba daktari alikuwa amerudi kwao na chupa ileile ya dawa, na wagonjwa wa kwao walilalamika kwa maneno tuliyoyatumia sisi.

Kisa cha Saiprasi kimesahaulika, nami nakiona ndicho chenye mafunzo kwa wanaoweka akiba. Benki za kisiwa kile zilikuwa zimejaza hatifungani za Ugiriki. Wakopeshaji binafsi wa Ugiriki walipokatwa mwaka 2012, hasara ikavuka bahari. Mwezi Machi 2013 wakubwa wa Ulaya walikubaliana kuipa Saiprasi euro bilioni 10 kwa sharti kwamba na wenye akiba wachangie, na katika mpango wa kwanza walitaka kukata hata akiba ndogo za chini ya euro 100,000, ambazo sheria za Ulaya zilikuwa zimeahidi kuzilinda. Bunge la Saiprasi likaukataa. Mpango wa pili uliwaacha wadogo, ukawakata waliozidi kiwango hicho katika benki mbili kubwa.

Nililielewa jambo hilo vizuri zaidi baada ya mkasa wa chamani kwetu. Mwanachama mmoja alikopa kununua mtumbwi na injini ya uvuvi wa dagaa, mambo yakamwendea kombo, akahamia ng'ambo ya ziwa, na wadhamini wake watatu wakakatwa akiba zao kama kanuni inavyosema. Mmoja alikuwa mama muuza mawese. Nilimfungulia daftari, nikamwonyesha saini yake ya udhamini, kila kitu kilikuwa halali. Akaniuliza, "Mwalimu, mimi nilikopa lini?" Nilimweleza tofauti ya mkopaji na mdhamini, naye akaniitikia kwa heshima, "Sawa, Mwalimu," kwa namna ambayo mtu humwitikia aliyemwibia. Yeye angalau alikuwa ametia saini.

Haki itendeke kwa Ulaya: hawakuacha nyumba iungue yote. Tarehe 26 Julai 2012 Mario Draghi, aliyekuwa mkuu wa Benki Kuu ya Ulaya, alitamka mjini London kwamba benki yake, ndani ya mamlaka iliyopewa, itafanya lolote litakalohitajika kuilinda euro, na riba walizotozwa Italia na Hispania zikaanza kushuka kwa neno tu, kabla hajatoa hata senti. Ireland na Ureno zilitoka kwenye mipango yao mwaka 2013 na 2014. Ugiriki, baada ya mipango mitatu, kura ya maoni ya Julai 2015 na wiki ambazo raia aliruhusiwa kutoa euro 60 tu kwa siku kwenye mashine ya benki, ilitoka Agosti 2018, na mwaka 2022 ikamaliza kulilipa Shirika la Fedha kabla ya muda. Kwa hiyo wanaosema euro imekufa wamekuwa wakiizika kwa zaidi ya miaka kumi na tano na maiti haijapatikana.

Nije kwenye usalama, ambao ndio msomaji mwenzangu hakuugusa kabisa. Hapa nitaomba uvumilivu wa Mhariri, kwa sababu siwezi kulieleza jambo hili bila MV Liemba. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupandishwa kwa reli ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1916, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isichukuliwe na adui, na Wabelgiji wakaingia mjini. Wajerumani waliposhindwa vita walipoteza koloni hili, na juu yake mwaka 1921 wakapangiwa fidia ya marki za dhahabu bilioni 132. Mwaka huohuo Wabelgiji walikabidhi Kigoma kwa Waingereza, na Januari 1923, pamoja na Wafaransa, wakapeleka majeshi katika bonde la Ruhr kukamata makaa ya mawe, kwa sababu Ujerumani ilikuwa imechelewesha malipo. Hivyo ndivyo deni lilivyodaiwa siku zile, kwa bunduki. Mwaka 1924, ambao Liemba iliinuliwa kutoka chini ya ziwa, ndio uliotengenezwa mpango wa Dawes wa kuikopesha Ujerumani fedha ili iweze kulipa fidia, na mwaka 1930 ukafuata mkopo wa Young. Kukopa ili kulipa deni ni jambo la zamani.

Kilichofuata kila aliyesoma historia anakijua, ila watu huruka hatua moja. Wengi husema fedha iliyooza ya mwaka 1923 ndiyo iliyomleta Hitler. Tazama kalenda vizuri. Mwaka 1928, miaka mitano baada ya mfumuko ule wa bei, chama chake kilipata viti 12 tu bungeni. Mwezi Mei 1931 ilianguka benki ya Creditanstalt ya Austria, hofu ikahamia benki za Ujerumani, na serikali ya Kansela Brüning ikawa inakata mishahara na matumizi ili ionekane mdaiwa mwaminifu, huku wasio na kazi wakifikia milioni 6. Julai 1932 chama kilekile kilipata viti 230. Septemba 1931 Uingereza nayo ilikuwa imeacha kuifunga pauni yake kwa dhahabu, na shilingi yetu ya Afrika Mashariki, iliyofungwa kwa pauni kwa kiwango cha shilingi 20 kwa pauni moja, ikaburutwa nayo bila mtu yeyote wa huku kuulizwa. Mkulima wa mkonge wa Tanganyika hakuwahi kuisikia Creditanstalt. Alisikia tu kwamba bei imeanguka.

Baada ya vita ya pili wadai walijirekebisha. Tarehe 27 Februari 1953, mjini London, wadai wa Ujerumani Magharibi walikubali kuifutia karibu nusu ya deni, na iliyobaki ilipwe kutokana na ziada ya biashara, maana yake wadai wenyewe wawe tayari kununua bidhaa za Kijerumani. Miongoni mwa waliotia saini ilikuwamo Ugiriki. Malimbikizo ya riba ya ile mikopo ya Dawes na Young yaliwekwa kando mpaka siku Ujerumani itakapoungana, na kipande cha mwisho kililipwa tarehe 3 Oktoba 2010. Hebu tulia kidogo juu ya tarehe hiyo: Ujerumani ilimaliza kulipa mikopo iliyotokana na fidia ya vita ile ya kwanza miezi mitano baada ya Ugiriki kuingizwa katika mpango wake wa kwanza, wakati wanasiasa wa Berlin wakieleza kwamba deni ni deni. Mpewa nafuu ya 1953 alikuwa amesahau, au pengine alikumbuka lakini hakutaka kuulizwa.

Deni na silaha havikuachana hata katika msukosuko wa juzi. Ugiriki ilikuwa miongoni mwa nchi za Ulaya zilizotumia sehemu kubwa zaidi ya pato lao kwa ulinzi, na baadhi ya nyambizi zake zilinunuliwa kutoka Ujerumani. Akis Tsochatzopoulos, waziri wa zamani wa ulinzi, alifungwa mwaka 2013 kwa makosa yaliyotokana na hongo za ununuzi wa zana za kijeshi. Mwezi Mei 2012 chama cha Golden Dawn, cha mrengo mkali wa kulia, ambacho baadaye mahakama ilikitamka kuwa genge la uhalifu, kilipata viti 21 bungeni. Na mwaka 2016, katika kuuza mali za serikali ili kulipa wadai, kampuni ya COSCO ya China ilinunua asilimia 51 ya mamlaka ya bandari ya Piraeus. Mwaka uliofuata Ugiriki ikazuia tamko la Umoja wa Ulaya la kuikosoa China katika Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa. Sisemi kwamba hili lilinunuliwa na lile. Nasema tu kwamba mwenye bandari hubishiwa kwa adabu.

Leo tatizo limehamia kwa wakubwa. Deni la Ufaransa limevuka euro trilioni 3, zaidi ya pato lake la mwaka mzima. Waziri mkuu Michel Barnier aliangushwa na bunge Desemba 2024 kwa ajili ya bajeti, na François Bayrou akaangushwa tarehe 8 Septemba 2025 kwa sababu hiyohiyo, na siku nne baadaye kampuni ya Fitch, inayopima uwezo wa wadaiwa kulipa, ikaishusha Ufaransa daraja la ukopaji. Papo hapo vita vya Ukraine vimeifanya Ulaya yote itafute fedha za silaha. Machi 2025 Ujerumani ilibadili katiba yake, iliyokuwa imeibana serikali isikope, ili matumizi ya ulinzi yanayozidi asilimia 1 ya pato yasihesabiwe katika ukomo huo, na Juni mwaka huo nchi za NATO ziliahidi mjini The Hague kufikisha matumizi ya ulinzi na yanayohusiana nayo asilimia 5 ya pato ifikapo 2035. Ukiweka pamoja riba ya madeni ya zamani, pensheni za wazee na silaha mpya, lazima kitu kikatwe, na serikali yoyote ya kuchaguliwa hukata kwanza pale ambapo hapana mpiga kura.

Mahali hapo ni huku. Februari 2025 Uingereza ilitangaza kushusha misaada yake ya maendeleo kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ya pato ifikapo 2027, ikasema waziwazi kwamba fedha hizo zinakwenda kwenye ulinzi. Ubelgiji, ambayo deni lake limezidi pato lake la mwaka, ilipata mwaka huo serikali iliyoamua kupunguza misaada yake kwa robo na kuongeza fedha za jeshi. Msomaji wa Dar es Salaam anaweza asiitilie maanani Ubelgiji. Sisi hatuwezi, kwa kuwa shirika lake la maendeleo limefanya kazi mkoani kwetu katika kilimo cha maharage na mihogo na katika maji ya vijijini, na wapo akina mama huku wanaoteka maji karibu na nyumbani kwa ajili ya miradi hiyo.

Na wapo wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ipo tangu 1996, na baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 2015 Nduta ya Kibondo ikafunguliwa tena. Mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa kwa sababu wafadhili hawakutoa cha kutosha. Mwaka 2023 ulishushwa hadi nusu ya kiwango kinachotakiwa. Sitaki kuibebesha Ulaya yote haya, kwani Marekani ndiyo iliyokuwa mfadhili mkubwa, nayo imekata kwa sababu zake. Lakini mkimbizi anayepewa nusu ya chakula hakai akasubiri nusu nyingine. Anatoka kutafuta kibarua na kuni, anakutana na mwanakijiji ambaye naye shamba halikumpa kitu, na ugomvi wa kuni unaotokea hapo hauandikwi popote kuwa ni habari ya uchumi wa Ulaya. Wanaojadili usalama wa dunia The Hague wanahesabu vifaru. Sisi tungewaomba wahesabu na debe la mahindi la Kasulu.

Ipo na tofauti ya foleni. Zambia, jirani yetu wa ncha ya kusini ya ziwa hili, ilishindwa kulipa riba ya hatifungani yake Novemba 2020. (Hatifungani hizo huitwa Eurobond ingawa ni za dola, na jina hilo limewapotosha wengi.) Ilipata mpango wa Shirika la Fedha Agosti 2022, wa dola bilioni 1.3, na makubaliano na wenye hatifungani yalikamilika 2024. Ugiriki ilisubiri majuma. Sielezi haya ili kuomboleza. Sababu yake ni ileile ya mwanzo, kwamba Ugiriki ilikuwa na wakopeshaji wakubwa wa kuogopewa hasara yao, na Zambia haikuwa nao kwa kiasi hicho.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, kicheko cha msomaji mwenzangu nakirudisha kwa maswali, nami nayaelekeza kwa wabunge wa mkoa huu kupitia gazeti lako. Mwaka 2020 serikali yetu ilitia saini mkopo wa dola bilioni 1.46 wa reli ya kisasa kupitia benki ya Standard Chartered, ukiwa na udhamini wa taasisi za serikali za Sweden na Denmark. Hivyo hata katika reli ile imo dhamana ya Ulaya. Desemba 2022 ukasainiwa mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506 kwa dola bilioni 2.2. Naitaka reli hiyo, na yeyote aliyewahi kulala stesheni ya Tabora akingoja treni ya Kigoma anaitaka. Lakini kati ya Julai 2022 na Septemba 2023 Benki Kuu ya Ulaya ilipandisha riba yake ya amana kutoka asilimia 0.5 chini ya sifuri hadi asilimia 4, na mdaiwa yeyote duniani mwenye mkopo wa riba inayoelea, yaani inayopanda na kushuka, iliyofungwa kwenye soko la euro alipandishiwa naye, awe amekosa au hakukosa.

Basi wabunge wetu waulize bungeni: katika mikopo ya reli hii, ni sehemu gani ina riba isiyobadilika na ni sehemu gani inaelea? Imekopwa kwa sarafu gani, wakati nauli na mizigo tutalipia kwa shilingi? Mdhamini wa Ulaya akijitoa kwa sababu ya matatizo ya kwao, mkataba unasemaje? Na majibu yakipatikana yachapishwe hapa, kwa Kiswahili, kwa ukubwa wa herufi ambao mzee wa miwani kama mimi anaweza kuusoma.

Ni mimi,
Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma.